Alama ya biashara: ujaze fomu mwenyewe au umpe wakili?

Shemeji yangu mmoja anayefanya biashara Majengo, Mombasa, alinijia usiku baada ya tarawehe akaniwekea pakiti mbili za embe kavu juu ya mkeka. "Haya, niambie ipi yangu," akasema. Nikazigeuza huku na huku. Zote za manjano, zote zina picha ya kilima na embe lililokatwa, zote zimeandikwa Mbooni kwa herufi nene. Nikaonyesha moja. Nilikosea. Ilikuwa ya mwenye duka la jumla aliyekuwa akimnunulia bidhaa kwa miaka miwili, kisha akaanza kupakia zake mwenyewe.

Shemeji ameuza kwa jina lile miaka sita. Ana cheti cha jina la biashara alichokipata kwa eCitizen, ana kibali cha kaunti, ana alama ya ubora ya KEBS. Alidhani hayo ndiyo yanayomfanya mwenye jina. Alipokwenda kulalamika kwenye supamaketi moja iliyokuwa ikiuza pakiti zote mbili, meneja alimuuliza swali moja tu: cheti cha alama ya biashara kiko wapi? Hakuwa nacho. Ndipo akaja kwangu. Mimi si mwanasheria, nina diploma ya biashara basi, lakini ukishakuwa na safu ya kuandika, jamaa zako hukuona unajua kila kitu.

Alitaka kujua kama ajaze fomu mwenyewe au amlipe wakili. Swali dogo, lakini lilinitoa Mombasa hadi vilima vya Mbooni.

Vyeti vingi, kazi mbalimbali

Kwanza tuondoe mchanganyiko unaowapoteza wengi wetu. Cheti cha jina la biashara, kinachotolewa na BRS, huieleza serikali ni nani anayefanya biashara kwa jina fulani. Hakimzuii jirani kulibandika jina hilo kwenye bidhaa zake. Kibali cha kaunti ni ruhusa ya kufungua mlango. Alama ya KEBS inasema bidhaa imefikia kiwango. Cheti cha halali kinasema kilichomo ndani ya pakiti kinaliwa na Mwislamu bila wasiwasi. Hakuna hata kimoja kinachosema kwamba jina hili, juu ya bidhaa hii, ni la fulani peke yake.

Kinachosema hivyo ni cheti cha alama ya biashara. Hutolewa na KIPI, taasisi ya serikali inayosimamia mali ya viwandani, yenye makao yake Nairobi, chini ya Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506. Kifungu cha 5 cha sheria hiyo ndicho kilichomkaba shemeji: mtu hawezi kwenda mahakamani kudai fidia kwa kuingiliwa alama ambayo haikusajiliwa. Mlango mmoja umeachwa wazi, nao ni kumshtaki mwenzako kwa kuuza vitu vyake kana kwamba ni vyako. Kwa njia hiyo lazima uthibitishe kwamba wateja wanakujua kwa jina lile, kwamba wamedanganyika, na kwamba umepata hasara. Inawezekana, na wapo walioshinda. Lakini hiyo ni kesi ya mahakamani, ya mashahidi na tarehe zinazoahirishwa, na hapo hata suala la kujifanyia mwenyewe halipo tena.

Mama wa Mbooni na shilingi elfu kumi na mbili

Maembe ya shemeji hutoka pande za Kalawa na Kisau, sehemu ya chini ya Mbooni katika kaunti ya Makueni, kule inakopakana na Kitui. Ukipanda juu Kikima kuna baridi, kuna kahawa na mboga. Miembe inataka joto la chini. Biashara baina yetu na watu wale si ya leo. Karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka na pembe za ndovu hadi Mombasa, na wazee wao husimulia kwamba vilima vya Mbooni ndivyo walikokaa kabla ya kutawanyika Kitui na kwingineko. Kwa hiyo neno Mbooni lina uzito wake, na uzito huo utatusumbua baadaye katika makala haya.

Nilifuatana na shemeji kwenda kumwona mama anayemuuzia. Yeye na wenzake hukata maembe na kuyakausha kwa vikaushio vya jua. Nusu ya mzigo huletwa Mombasa bila jina, nusu huuzwa Wote na Machakos kwa lebo yake mwenyewe. Nilipomweleza kilichotuleta, aliingia ndani akatoka na bahasha ya plastiki. Ndani yake mlikuwa na cheti cha KIPI.

"Wakili wako ni nani, mama?" nikamuuliza.

"Wakili wa nini, mwanangu? Ni mimi na binti yangu na simu."

Alinisimulia hatua kwa hatua, nami baadaye nikazilinganisha na kanuni zenyewe. Kwanza aliomba upekuzi wa awali kwa fomu TM 27, ili msajili aangalie kama kuna jina linalofanana na lake katika daftari na kama jina lenyewe linafaa kusajiliwa. Alilipa shilingi 3,000. Majibu yalipokuja safi, akawasilisha ombi lenyewe, fomu TM 2, pamoja na picha ya alama na orodha ya bidhaa. Hapo alilipa 4,000. Ombi likachunguzwa, likakubaliwa, kisha likatangazwa katika jarida la KIPI ambalo hutoka kila mwezi na husomwa bure kwenye tovuti yao. Tangazo, 3,000. Baada ya hapo ni kungoja siku 60, muda ambao mtu yeyote nchini anaweza kuweka pingamizi. Hakuna aliyeweka. Akalipa 2,000 za cheti. Jumla 12,000, kwa kundi moja la bidhaa, na kazi yote ilimchukua kama miezi minane. Utakapotaka kuanza, tazama kwanza orodha ya ada iliyopo siku hiyo, kwa maana ada za serikali hazikai mahali pamoja.

Sheria haimlazimishi Mkenya kuwa na wakala. Anayelazimika ni yule wa nje asiye na makao wala biashara hapa nchini. Kwa hiyo jamaa zetu walioko Muscat au London wanaotaka kulinda jina Kenya, na hawana duka huku, hao hawana hiari.

Nilipomtazama mama yule nikaelewa kwamba ujanja wake haukuwa kwenye fomu. Ulikuwa kwenye jina. Alichagua jina la utani alilokuwa akiitwa bibi yake, neno ambalo halimaanishi chochote kuhusu maembe, si la mahali, si jina la ukoo, na halipo popote madukani. Jina la namna hiyo msajili hana la kuliuliza. Ombi lake lilipita kama maji mferejini.

Jina la mahali

Kifungu cha 12 cha sheria kinaeleza jina gani linafaa kusajiliwa. Neno la kubuni linafaa. Neno la kawaida linafaa pia ikiwa haliisemi bidhaa yenyewe wala ubora wake. Yasiyofaa, mpaka uje na ushahidi wa kutosha, ni maneno yanayoisifu au kuieleza bidhaa, majina ya ukoo, na majina ya mahali. Achari Tamu ni maelezo tu, kila mwenye achari ana haki ya kusema yake ni tamu. Vivyo hivyo neno halali. Kila mwenye cheti cha halali ana haki ya kuliandika, na halitakuwa la mtu mmoja. Na kwa kuwa tumefika hapo, niseme la moyoni: wako ndugu zetu wanaoweka jina tukufu la Mwenyezi Mungu au picha ya Al-Kaaba kwenye mifuko ambayo saa moja baadaye iko jalalani. Kabla hata ya kumfikiria msajili, tufikirie adabu.

Turudi Mbooni. Shemeji alikuwa akidai neno ambalo ni jina la vilima, la eneo bunge na la maelfu ya wakulima. Yeye mwenyewe ni mtu wa Majengo! Kwa nini msajili ampe yeye peke yake, na amnyime mama anayeyakausha maembe hayo palepale? Mawazo haya nilimpa tukiwa njiani kurudi, naye alinyamaza hadi tukafika Wote.

Si kwamba jina la mahali halisajiliwi kamwe. Zipo njia, na hapa ndipo nilipoanza kuuona umuhimu wa wakili. Daftari la alama Kenya lina sehemu mbili, A na B. Sehemu B inapokea alama dhaifu kidogo, mradi inaweza kutofautisha bidhaa za mtu na za wengine. Msajili pia anaweza kukubali lebo nzima, picha na maandishi yake, kwa sharti kwamba huna haki ya peke yako juu ya neno fulani lililomo ndani. Utapata cheti, lakini neno Mbooni litabaki la watu wote. Wengi hupokea cheti cha namna hiyo bila kusoma sharti, wakaja kujua siku ya ugomvi kwamba walichokilinda ni picha ya kilima.

Njia ya tatu ni ya pamoja. Kifungu cha 40A kinaruhusu jina la mahali lisajiliwe kama alama ya chama, na kila mwanachama anayefuata masharti akalitumia. Wafumaji vikapu wa Taita walisaidiwa na KIPI pamoja na shirika la kimataifa la WIPO kulinda jina la kikapu chao kwa pamoja. Tukivuka mpaka, Ethiopia mwaka wa 2005 ilipeleka Marekani maombi ya kusajili majina ya kahawa zake, Harrar, Sidamo na Yirgacheffe. Ikapata upinzani, na mvutano wake na Starbucks ukaishia kwa makubaliano mwaka wa 2007. Kama wakulima wa Kalawa na Kisau wangetaka kulilinda neno Mbooni, hiyo ndiyo ingekuwa njia yao. Kazi hiyo inataka katiba ya chama, kanuni za matumizi na namna ya kuwakagua wanachama. Hapo nisingemshauri mtu aende peke yake.

Makundi 45

Jambo la pili linalowaangusha wanaojifanyia wenyewe ni kundi la bidhaa. Kenya inafuata mpangilio wa Nice, uliopewa jina la mji wa Ufaransa ambako mkataba wake ulifanywa mwaka wa 1957. Kuna makundi 45, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Cheti chako kinalinda jina katika kundi ulilolitaja na kwa bidhaa ulizoziandika.

Embe bichi kutoka mtini liko kundi la 31. Likikaushwa au likifanywa achari, linahamia 29. Likikamuliwa juisi, 32. Embe ni lilelile, lakini ni maombi ya makundi matatu. Kwa sisi watu wa pwani: halwa, sambusa, kahawa na viungo ni 30. Udi na manukato ni 3. Kanzu na kofia, 25. Mkahawa na nyumba ya wageni, 43. Usafirishaji wa watalii, 39. Mafuta ya nazi yanachekesha, ya kupikia ni 29 na ya nywele ni 3, hata kama yametoka chungu kimoja.

Ukikosea kundi, huwezi kulipanua ombi lililokwishawasilishwa. Unaanza upya na unapoteza tarehe yako. Na tarehe ndiyo kila kitu, kwa sababu cheti kikitoka, haki yako inahesabiwa tangu siku uliyowasilisha ombi, wala si siku ya cheti. Usichague makundi mengi kwa tamaa pia. Kila kundi lina ada yake, na alama isiyotumika kwa miaka mitano mfululizo inaweza kuondolewa daftarini mtu akiomba.

Mambo mawili madogo ambayo hayahitaji wakili. Ukisajili neno tupu bila mapambo, unalindwa kwa mwandiko wowote utakaoutumia kesho. Lebo nzima inalinda sura ile tu. Na ukiwasilisha alama bila kuiwekea mipaka ya rangi, inahesabiwa kuwa imesajiliwa kwa rangi zote. Mwenye pesa za ombi moja tu aanze na neno.

Dalali aliye katikati

Sasa niseme alichokifanya shemeji kabla hatujaenda Mbooni, ambacho alinificha mpaka tulipokuwa kwenye gari. Hakujaza mwenyewe wala hakwenda kwa wakili. Alimpa pesa kijana mmoja wa duka la kompyuta aliyemwambia "hayo mambo ya KIPI nayajua." Kijana akawasilisha ombi, akapewa namba, akampigia picha risiti. Shemeji akatulia.

Tulipofuatilia tukakuta mambo mawili. Ombi lilikuwa kundi la 31, yaani embe bichi, ambalo shemeji hajawahi kuliuza. Na anwani ya kupokelea barua iliyoandikwa kwenye fomu ilikuwa barua pepe ya kijana mwenyewe. Msajili alikuwa ameandika kuuliza kuhusu neno Mbooni. Barua ikalala kwenye simu ya kijana hadi muda wa kujibu ukapita.

Kwa mujibu wa sheria, anayeweza kukuwakilisha mbele ya msajili ni wakili wa Mahakama Kuu au wakala aliyesajiliwa kwa kazi hiyo, na humteua kwa fomu TM 1. Mwingine yeyote anayekujazia ni karani wako tu. Si haramu kumlipa mtu akuandikie kwa kompyuta, wapo wanaofanya kazi hiyo kwa uaminifu. Lakini jina la mwenye alama liwe lako au la kampuni yako, na anwani iwe yako. Nimeshasikia visa vya msambazaji au mchoraji wa nembo aliyeandikisha alama ya mteja kwa jina lake mwenyewe, na kuirudisha ikawa kazi ya miaka.

Kuna na wezi wa aina nyingine. Alama ikishatangazwa, jina na anwani yako viko hadharani. Wapo wanaotuma ankara zenye mihuri mizuri wakidai ada ya "daftari la kimataifa." WIPO imewaonya watu mara nyingi kuhusu barua za aina hiyo. Ada za alama ya Kenya hulipwa serikalini, basi.

Pesa za wakili ziende wapi?

Niliwauliza mawakili watatu wa Mombasa bei ya kazi yote, tangu upekuzi hadi cheti. Majibu yalitofautiana sana, na hata ya chini ilizidi ada zote za serikali zikiwekwa pamoja. Sikuwalaumu. Ada za mawakili zina agizo lake la kisheria linaloweka kima cha chini, na wakili hatakiwi kushuka hapo ili kumvuta mteja. Lakini mmoja wao, mama mwenye ofisi ndogo karibu na mahakama, aliniambia jambo ambalo wenzake hawakulisema. Akasema, "Ami, mteja mwenye jina zuri hanihitaji mimi kujaza fomu. Ananihitaji saa moja kabla ya kujaza, ajue kama jina ni zuri. Na ananihitaji tena siku barua ya kwanza ikija."

Nimelipima neno lake nikaliona sawa. Kwa mwenye biashara ndogo, jina la kubuni, kundi moja au mawili, na upekuzi uliorudi safi, ajaze mwenyewe. Pesa anazookoa ni mtaji. Lakini kabla ya kuwasilisha, akalipe ushauri wa saa moja, aulize kuhusu jina na makundi tu. Mwenye jina la mahali, jina la ukoo, neno linalosifu bidhaa, au jina linalokaribiana na la kampuni kubwa, huyo ampe wakili kazi tangu mwanzo, au bora zaidi abadilishe jina. Naona watu wanatumia pesa nyingi kulitetea jina baya kuliko ambazo zingewatosha kuchapisha lebo mpya.

Palipo na pingamizi, sina kigugumizi: tafuta wakili. Aliyeomba akipingwa, ana muda maalumu wa kuwasilisha majibu, na asipojibu ombi lake huhesabiwa ameliacha. Kisha huja hati za kiapo, ushahidi wa pande zote mbili, na hoja mbele ya msajili. Usajili wa kawaida ni karatasi, lakini pingamizi ni kesi. Mama wa Mbooni mwenyewe aliniambia kwamba zile siku 60 ndizo zilizomkosesha usingizi, maana alijua mtu akijitokeza yeye hana la kufanya peke yake.

Kesi ikivuka bahari, ndiyo zaidi. Wengi wetu tunakumbuka habari za kikoi. Mwaka wa 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili huko neno "Kikoy," kwa tahajia hiyo. Neno la vazi ambalo babu zetu walijifunga kabla ya kampuni hiyo kuzaliwa! Ombi lingepita, wauzaji wa kikoi kutoka Kenya wangezuiwa kuliandika jina la nguo yao wenyewe katika soko la Uingereza. Wafanyabiashara wa huku, kwa msaada wa shirika la biashara ya haki la Traidcraft na mawakili wa huko waliojitolea, waliweka pingamizi, na mwishowe ombi halikuendelea. Cheti cha KIPI hakivuki mpaka. Hata hapa karibu, Tanzania Bara ina BRELA na Zanzibar ina wakala wake, BPRA, na cheti cha mmoja si cheti cha mwingine. Anayeuza Mombasa, Tanga na Unguja ana maombi matatu. Kenya imo katika mfumo wa Madrid tangu 1998, unaomruhusu mtu kuomba nchi nyingi za uanachama kwa ombi moja. Anayefikiria kutumia mfumo huo anafikiria pesa nyingi, basi aongeze na za wakili.

La mwisho nililomuuliza mama yule wa karibu na mahakama lilikuwa langu mwenyewe, kutokana na mambo niliyoyaona katika familia zetu. Alama iliyosajiliwa ni mali. Inauzwa, inakodishwa, na mwenyewe akifa inaingia katika mirathi pamoja na nyumba na shamba, ikagawanywa kwa warithi kama Kadhi atakavyoona. Nawajua ndugu waliogawana nyumba ya baba yao kwa amani, kisha wakasusiana kwa jina la halwa yake, kila mmoja akifungua duka na kujiita ndiye wa asili. Jina lile halikuwahi kusajiliwa. Hakukuwa na cha kumpelekea Kadhi.

Walipofika

Tulikuwa tumerudi Mombasa wiki chache wakati shemeji aliponipigia simu sauti ikimtetemeka. Nilikuwa nimemzoesha kufungua jarida la KIPI kila mwezi, na mwezi ule aliiona ile lebo ya mwenye duka la jumla. Kilima, embe, manjano, kundi la 29. Siku 23 kati ya zile 60 zilikuwa zimeshapita.

Safari hii hakuuliza ajifanyie mwenyewe. Yule mama wakili aliwasilisha pingamizi kwa niaba yake, fomu TM 6. Alichomtaka shemeji alete si maneno mengi, ni karatasi: lebo ya kwanza aliyoichapisha, risiti ya mchapishaji yenye tarehe, taarifa za M-Pesa za wateja, picha za maonyesho ya kilimo, barua za maagizo ya bidhaa. Baadhi alikuwa nazo. Nyingi alizitupa. Bora zaidi katika zote ilikuwa ni picha aliyoituma kwa WhatsApp kwa mamake miaka sita nyuma, akimwonyesha pakiti ya kwanza na kumuomba dua. Mama hakuifuta.

Hadi naandika haya, pingamizi liko mbele ya msajili na upande wa pili umeshajibu. Huenda shemeji akashinda, huenda wote wawili wakaambiwa neno Mbooni si lao. Yeye ameshachapisha lebo mpya. Neno Mbooni limeshuka chini kwa herufi ndogo, likieleza maembe yametoka wapi, na juu kuna jina lingine ambalo sitalitaja hapa. Ombi lake lina wiki tatu tu. Kulijaza alikaa mwenyewe, kwa simu, sebuleni kwangu.